Nusu Saa ya Kushona Mshipa

Walimleta kaka yangu Severo akiwa amelazwa juu ya mlango. Ulikuwa mlango wa choo cha shule, wameung'oa na bawaba zake, na watu wanne waliubeba mbio wakikanyagana, kwa kuwa wawili kati yao walikuwa wamelewa. Mkono wake wa kulia ulining'inia pembeni. Damu haikuwa inadondoka, ilikuwa inaruka. Moyo ukipiga, inaruka. Ukipiga tena, inaruka tena. Ukuta wa zahanati, niliokuwa nimeupaka chokaa wiki ile ile, ukapata mistari mpaka kwenye kalenda.

Daktari Nerys alikuwa anamshona mdomo mzee Tiburcio wa upande wa Chini. Aliiacha sindano ikining'inia mdomoni mwa mzee, akaruka benchi, akapiga magoti na kutia vidole viwili ndani ya kidonda cha Severo, juu kabisa, karibu na kwapa. Damu ikakoma.

"Hii siyo ngumi," alisema.

"Chupa," akajibu Ilario, rafiki wa Severo, akiwa bado ameshika pembe ya mlango. "Yule mbwa wa Chini alivunja chupa. Lakini kaka yako alikuwa ameshamng'oa meno, Eme, usilie. Mawili ya mbele."

"Matatu," akasema mzee Tiburcio, na uzi ukacheza mdomoni mwake. "Yule ni mpwa wangu. Nimeyahesabu mwenyewe."

Sikulia. Nilisogeza meza wapate kumlaza. Mimi si msemaji, na watu wa San Lázaro, mji wetu mdogo wa milimani, wameshazoea.

Ilikuwa tarehe tatu ya mwezi wa tano, sikukuu ya Msalaba. Sisi wa vijiji vya Juu na wale wa vijiji vya Chini tulikuwa tumeshuka San Lázaro tangu alfajiri na misalaba yetu, tumeivalisha nguo na vilemba, na wanaume walikuwa wanapigana uwanjani mbele ya kanisa, mmoja kwa mmoja, wamevaa kofia zao za ngozi ngumu ya ng'ombe. Wanawake pia walipigana. Mimi sikuwahi. Shangazi Primitiva alikuwa akinitania kila mwaka kwamba nitaolewa na kuzikwa bila kuonja ngumi ya mtu hata mmoja. Damu ikimwagika pale uwanjani inaachwa. Haifutwi wala haimwagiwi maji. Ni ya ardhi, na ardhi ikishakunywa hutupa viazi. Mwaka uliopita watu walipigana kivivu, polisi walitupa moshi wa kutoa machozi kabla ya saa sita, na mwezi wa kumi na mbili barafu ikala viazi vyote vikiwa bado maua. Tulikula vile vikavu vya zamani mpaka vikaisha. Kwa hiyo mwaka huu hakuna aliyekuwa anacheza.

Daktari Nerys hakuwa mtu wa kwetu. Alikuja mwezi wa tisa kutoka nchi iitwayo Wales, ambako alisema kuna kondoo na mvua nyingi kuliko watu. Alikuwa na miaka ishirini na saba na alikuwa amefanya udaktari miaka miwili tu. Siku ya kwanza, Mjomba Gumercindo, ambaye ndiye mkuu wetu sisi wa Juu, alimhoji mbele ya watu wote, na mimi, mfagizi wa zahanati, nikitafsiri kati ya Kihispania chake na Kikechua chetu nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Muulize, amefukuzwa kazi?"

"Hapana, Mjomba. Amechukua mapumziko ya mwaka mmoja."

"Mapumziko. Sasa anataka kulala wapi?"

"Amekuja kufanya kazi, Mjomba. Hapa zahanati."

Mjomba alitafuna majani yake ya koka, akafikiri. "Huyu anapumzika kazi kwa kufanya kazi. Muulize kama ana mume, labda na kwa mume amechukua mapumziko."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Daktari naye alicheka bila kujua anachekea nini, na tangu siku hiyo walimpenda kiasi.

Baadaye, tukiosha vyombo vya kushonea, aliniambia mwenyewe. Kwao alikuwa anafanya kazi saa kumi na tatu bila kukaa, na wagonjwa wamelala kwenye korido. "Nilianza kuwachukia, Eme," alisema kwa Kihispania chake cha kujikwaa. "Mtu anaingia analia, mimi namchukia kwa sababu analia. Nikaogopa. Nikaondoka."

Nilimwelewa. Nilishawahi kuosha vyombo kwenye kantini ya wachimba madini, na nilifika mahali nikawa nachukia vinywa.

Alikuja na vitu vyake vya kwao, na kati ya hivyo vitu ndimo lilimokuwemo balaa. Alikuwa na mifuko myekundu ya plastiki, migumu. Kila pamba, kila bandeji, kila kitambaa chenye damu kilitiwa humo na kufungwa kwa kamba nyeupe isiyofunguka. Maji ya beseni aliyamwaga kwenye bomba la sinki. Kila Ijumaa lori la wilaya liliichukua mifuko kwenda makao makuu ya wilaya, ikachomwe. Miezi yote hakuna aliyejali. Damu ya kujifungua au ya jino, nani ataililia?

Lakini siku moja kabla ya Msalaba nilikaa na Shangazi Primitiva tukichuja pombe ya mahindi. Aliniuliza, kwa kuuliza tu, ile mifuko ya mzungu ina nini.

"Damu," nikasema.

"Damu ya nani?"

"Ya kila mtu. Anaikusanya yote. Ijumaa inakwenda wilayani."

"Na ya kesho?"

"Na ya kesho."

Nilisema hivyo tu, nikaendelea kuchuja. Mtu asiyesema sana, siku akisema wanamwamini. Kufikia saa nne asubuhi ya sikukuu habari ilikuwa imezunguka uwanja mzima, Juu na Chini. Kufikia saa sita ilikuwa imeota meno. Walisema anaiuza, na kwamba ni mmoja wa wale weupe wa hadithi za zamani, waliokuwa wakikamua watu mafuta usingizini ili kulainisha mashine zao. Na majeruhi kumi na wanane walikuwa wameshapita zahanati asubuhi ile. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga mifuko mitano.

Kwa hiyo Ilario na wenzake walipomweka Severo juu ya meza hawakuondoka kama wengine. Walisimama wakiangalia sakafu. Damu ya Severo ilikuwa imetengeneza dimbwi chini ya meza, na mimi, kwa mazoea, nilikuwa nimeshachukua kitambaa naifuta.

"Eme," Ilario aliniita polepole. "Hicho kitambaa unakipeleka wapi?"

Nikabaki nimekishika.

"Unakipeleka wapi, nakuuliza?"

Daktari alipaza sauti bila kugeuka. "Wote nje! Kasoro Eme. Wewe mzee mwenye sindano, baki, njoo unishikie taa."

Walitoka. Nikafunga komeo. Kupitia dirishani nilimwona Ilario akikimbia kuelekea uwanjani, na kofia yake ya ngozi ikimpiga mgongoni.

Daktari alikuwa amempiga Severo sindano ya usingizi kwa mkono mmoja. Sasa alikuwa anatazama ndani ya kidonda, uso karibu kabisa, na mzee Tiburcio akimmulikia.

"Sikiliza," aliniambia. "Mshipa mkubwa umechanika upande mmoja, haujakatika wote. Kidonda kiko juu mno, siwezi kuubana mkono kwa mpira. Nina njia mbili. Naweza kuufunga mshipa, dakika tano, basi. Ataishi, lakini mkono unaweza kufa, ukakatwa. Au naweza kuushona ule mpasuko. Mkono utaishi. Lakini ni nusu saa, na nusu saa hiyo nisiguswe. Mtu akinigusa, uzi ukikatika, atakwisha hapa hapa mezani."

"Umewahi kuushona?"

"Nimeshika taa mtu mwingine akishona. Mara tisa." Alinyoosha mkono kuchukua uzi. "Ya kumi niliushona mimi, nusu."

Severo ana mke, ana watoto wawili, na analima kwa jembe la kukanyaga, maana shamba lake liko mlimani ambako ng'ombe hasimami. Mwanamume mwenye mkono mmoja huko juu ni mzigo wa mtu mwingine. Nilimjua kaka yangu. Angeamka, angeona mkono haupo, angeomba pombe kali na kamba.

"Shona," nikasema.

Jiwe la kwanza lilianguka juu ya bati. Likabiringika, likadondoka uani. La pili na la tatu yakaja pamoja.

Nilichungulia. Uani walikuwa wamejaa. Kwa maisha yangu yote sijaona Juu na Chini wakisimama upande mmoja isipokuwa siku ile. Polisi wetu wawili walikuwa wamejifungia katika ofisi ya manispaa, na nesi, ambaye ni wa Chini, alikuwa uwanjani anaimba. Mjomba Gumercindo alisimama mbele na mjeledi wake wa mpini wa fedha.

"Mtoe mzungu!" mtu alipiga kelele.

"Mtoe na mifuko yake!"

Jiwe likapita dirishani. Kioo kilimwagika sakafuni, na jiwe likampiga daktari kwenye paji la uso, juu ya jicho la kushoto. Nilisikia mlio wake, kama boga. Kichwa chake kilirudi nyuma. Vidole vyake havikutoka kidondani. Alifumba macho, akayafumbua, damu yake ikaanza kumshukia puani, akasema, "Mzee, nipanguse macho nione. Eme, wape chochote wanachotaka."

Sijui nilifungua mlango vipi. Nakumbuka nilikuwa uani na mifuko mitano mikononi, na kelele ikanyamaza kidogo kwa mshangao, kwa sababu ni mimi.

"Hii hapa," nikasema.

"Ongea kwa sauti, mtoto!" Shangazi Primitiva alinikemea toka nyuma. "Jana ulijua kuongea!"

"Hii hapa damu yenu. Hakuna aliyeiuza."

Waliipasua kwa visu. Wanawake waliopoteza viazi mwaka jana walichukua zile pamba na bandeji, wakazikamua juu ya udongo wa ua kwa mikono miwili kama wanaokamua nguo mtoni. Zilikuwa zimekauka nusu. Wakazimwagia pombe ya mahindi ziloe, wakakamua tena. Ilitoka rangi tu. Mama mmoja wa Chini alikuwa akilia na kukamua, akilia na kukamua, akitaja jina la mwanawe.

Mjomba Gumercindo alitazama mpaka mfuko wa mwisho. Kisha akaniuliza bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. "Na ile ya maji? Ya mabeseni?"

Bomba la sinki linakwenda kwenye tangi la zege ambalo daktari aliyepita alilijengea mfuniko. Kila mtu alijua.

"Ilikuwa mabeseni mangapi, Eme?"

"Saba, Mjomba."

Sauti ilipita katika watu, kama ng'ombe wanaokaribia kukanyaga.

"Mabeseni saba yamefungiwa ndani ya simenti," Mjomba alisema. "Ardhi haikupata. Mwaka jana ilikasirika kwa kidogo kuliko hiki. Basi anayedaiwa atalipa. Mtoe yule mwanamke aje uwanjani apigane na mwenzake, kama mtu. Hatutamuua. Akianguka, ameanguka."

"Mjomba, ana mkono ndani ya Severo."

"Autoe."

"Akiutoa Severo anakufa! Ni mpwa wako!"

"Najua mpwa wangu ni nani." Mdomo wake ulitetemeka, nikaona kwamba anajua kweli. "Severo akifa leo, amekufa siku ya Msalaba. Watoto wake watakula. Sote tukila barafu tena, watakufa na hao watoto. Sogea."

Ilario na mwingine walikuwa wameshaanza kupanda dirishani. Nilimshika Ilario mguu, akanipiga teke la kifua bila kuangalia ni nani, nikaanguka, nikaamka, nikamshika tena na kumng'ata nyuma ya goti mpaka akapiga yowe na kuanguka chali. Watu walicheka! Hata katika hali ile.

"Mifuko niliifunga mimi," nikasema. Safari hii sauti ilitoka yote, hata mimi nilishtuka. "Maji nilimwaga mimi. Kila beseni. Yeye alikuwa anashona, mimi ndiye niliyemwaga. Nidaini mimi. Nitapigana mimi."

"Wewe?" akasema Shangazi.

"Na yeyote. Chagueni wa Chini mnayemtaka."

Mjomba alinipima kwa macho. Nina kilo hamsini. "Kwa mabeseni saba," akasema, "hutaanguka kwa kofi la kwanza ukasema umelipa. Ukianguka kabla sijaridhika, tunamtoa yule."

"Sawa."

"Basilia!" watu wa Chini waliita. "Yuko wapi Basilia? Acha kula, mama, njoo!"

Basilia huchinja kondoo sokoni. Ana mikono ya kuvunja shingo ya dume bila kisu. Alikuja akifuta mafuta mdomoni, akanitazama, akasikitika. "Huyu? Huyu si ndiye anayefagia zahanati?"

"Huyo huyo."

"Nitakuja kulaumiwa," akasema, akavua kofia yake, akachomoa pini ya shali na kumpa dada yake.

Duara likafungwa pale pale uani, mbele ya mlango wa zahanati. Hiyo ni kanuni yetu, na niliitegemea: duara likishafungwa hakuna anayeondoka, hakuna anayefanya lolote lingine, mpaka mmoja aanguke. Ilario mwenyewe aliacha dirisha akaja kutazama, akichechemea. Wanawake wakaanza kuimba kwa sauti ile nyembamba, wakikanyaga chini kwa pamoja. Mwamuzi, mtu wa mjeledi, akasimama kati yetu, akaupiga hewani, akatoka.

Ngumi ya kwanza sikuiona. Niliona bati la paa, kisha mbingu, kisha nikawa nimesimama tena na pua yangu haiko ilipokuwa. Damu ilikuwa ya moto kwenye midomo. Ilidondoka udongoni, na wanawake wakaimba juu zaidi.

Nilimrukia. Nilikumbuka nilichowahi kuona kwa wengine, nikamshika misuko yake miwili, nikaivuta chini na kumpiga goti la tumbo. Ilikuwa kama kupiga gunia la chumvi. Naye akashika misuko yangu, na hapo tukawa tumefungana, vichwa vimegusana, kila mmoja akimpiga mwenzake ubavuni kwa mkono uliobaki. Alinukia vitunguu na mafuta ya kondoo. Kila ngumi yake ilinitoa pumzi yote. Nilisikia ubavu ukilia ndani yangu, kama kijiti kikavu.

Nilijaribu kukisia muda umekwenda kiasi gani. Dakika tatu? Nusu saa ni ndefu. Sikujua kwamba ni ndefu hivyo.

Alinisukuma, akanipiga sikioni, ule upande ukazima. Nilianguka goti moja. Goti siyo kuanguka. Mtu wa mjeledi alipiga ardhi karibu yangu, nikaamka. Alinipiga tena, jino likatoka, nikalitema, mtoto fulani akaliokota. Nilimpiga Basilia jichoni mara mbili kwa nguvu zangu zote, na hata yeye akatokwa damu juu ya nyusi, na watu wa Juu wakapiga kelele jina langu. Sikuwahi kusikia jina langu likisemwa na watu wengi. Sikulipenda.

Goti la pili. Nikaamka. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga kabisa. Tukashikana misuko tena, na Basilia akaninong'oneza akiwa anahema.

"Anguka, mtoto. Anguka nikamalizie nyama yangu."

"Bado."

"Bado nini? Utakufa."

"Kaka yangu anashonwa mle ndani. Nikianguka wanamtoa daktari."

Nilisikia moyo wake ukipiga kwenye paji langu.

"Amebakiza muda gani?"

"Sijui."

"Nikikupapasa wataona," akasema. "Gumercindo si mjinga."

"Najua."

"Basi kaza meno. Na usinipige tena jicho hili." Akanipiga ngumi ya taya iliyonigeuza.

Kuanzia hapo alinipiga ngumi za kweli, lakini kila nilipokaribia kwenda chini alinishika misuko kama anayetaka kunivunja shingo, akanivuta juu, na kila mtu akaona ukali tu. Mimi peke yangu nilijua kwamba ananisimamisha. Ngozi ya kichwa iliniwaka. Nilimpiga nilipoweza. Nilitapika, nikakanyaga matapishi yangu. Ardhi chini yetu ilikuwa tope jekundu, na miguu iliteleza. Mara mbili nilitazama mlango. Umefungwa. Mara ya tatu sikuona mlango wala chochote, niliona mwanga mweupe na sauti za wanawake zikiwa mbali, kama wako ng'ambo ya bonde.

Kisha mlango ulilia. Ule mlango una bawaba kavu, nimeahidi kuutia mafuta tangu mwezi wa tisa.

Daktari Nerys alisimama kizingitini. Uso wake ulikuwa damu tupu kutoka kwenye lile jiwe, imekauka mpaka shingoni, na jicho moja limevimba kama langu. Mikono ameinyanyua mbele, myekundu mpaka viwiko. Nyuma yake mzee Tiburcio, taa mkononi, sindano bado mdomoni.

"Kwisha," alisema. Kwa Kikechua. Hilo neno alikuwa amelijua.

Basilia aliachia misuko. Nikaenda chini na sikuamka.

Nililala shavu juu ya tope nikaona viatu vya Mjomba vikija, ndara zake za matairi. Vilisimama karibu na uso wangu. Ilario alisema, "Na mzungu, Mkuu?" Mjomba alikuwa anaangalia ardhi; alichuchumaa, akaitia vidole, akaona vimezama mpaka fundo la pili.

"Mwacheni," akasema. Akavua kofia, akamwaga pombe pale nilipolala, nyingine ikaniingia puani. "Nendeni uwanjani. Msalaba hauna mtu."

Walikwenda. Basilia aliniokota, akaniingiza ndani mabegani kama kondoo, akaniweka kwenye benchi. "Kesho usiende mtoni," akaniambia. "Watoto watakuogopa." Akaondoka.

Daktari alikuwa amekaa sakafuni chini ya meza ya Severo, katikati ya vioo, na alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yakigongana. Mikono tu ndiyo ilikuwa imetulia juu ya magoti.

"Niliona dirishani," alisema. "Niliona anavyokupiga. Nikashindwa kutoka."

"Ungetoka ningekuua," nikasema, lakini kwa mdomo ule sijui alielewa nini.

Mzee Tiburcio alikohoa. "Mimi je? Nitakwenda nyumbani na hii sindano?"

Alimmalizia mdomo. Akanishona mimi nyusi na ndani ya shavu. Kisha tukangoja, kwa sababu alisema mshipa ulioshonwa unaweza kuziba, na itajulikana kwa vidole. Vidole vya Severo vilikuwa vyeupe na vya baridi, kama viazi vilivyolala nje kwenye barafu. Daktari alivisugua. Alibonyeza kucha, akaachia, akatazama, akabonyeza tena.

Severo aliamka jua likiwa bado juu. Alitazama dari, akatazama mkono wake uliofungwa, akanitazama mimi.

"Nasikia umepigwa na Basilia," akasema kwa ulimi mzito.

"Nani amekuambia?"

"Si naona. Hakuna mwingine anayepiga hivyo." Akafumba macho. "Mkono siusikii, Eme."

Daktari alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake, uso umekunjamana, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili. Alinitazama. "Jaribu wewe. Mimi mikono yangu sasa imeanza kuruka, sijui ni yeye au ni mimi."

Nilijaribu. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimevimba mara mbili, ngozi imechubuka yote, nisingehisi hata moto. Nilibonyeza hapa na pale. Hakuna kitu. Daktari aligeuza uso ukutani.

Basi niliinama, nikauleta ule mkono wa baridi karibu, nikaweka mdomo wangu uliopasuka juu ya kifundo chake, mahali penye ngozi nyembamba, nikatulia. Kwanza nilisikia moyo wangu mwenyewe kwenye vidonda vyangu vyote. Nikaungoja upite. Na chini yake, mdogo, si wa mwendo mmoja na wangu, kitu kiligonga mdomo wangu mara moja. Kikangoja. Kikagonga tena.